Kinu cha Upepo Ndani ya Tangi la Samaki

Februari 26

Mwalimu Haugen ametaja timu ya mashindano ya maji ya ardhini na nahodha ni mimi, Adela Vondra. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni wenzangu: Wes Tidemann, aliyeunguza meza ya maabara mwaka jana akitaka kuchoma mkate kwa taa ya gesi, na Rocío Barrientos, ambaye tangu ahamie hapa sijamsikia akimaliza sentensi darasani.

Tutajenga ardhi ndani ya tangi la samaki. Kokoto chini, udongo wa mfinyanzi katikati, mchanga juu, na mirija ya soda ndiyo visima. Tunanyesha mvua kwa kopo, tunatia rangi nyekundu kama sumu, tunaonyesha inapita wapi. Mwezi wa Mei tutajenga tena kuanzia tangi tupu, majaji wakitutazama mikono. Shule yetu haijawahi kushinda, na safari hii itashinda, nimeshaamua.

Wes ameanza kuniita Bosi. Nimemwambia akome. Hakukoma.

Februari 28

Nimepata wazo, na ni zuri kuliko la timu yoyote Nebraska nzima. Shule nyingine hujenga ardhi ya kubuni. Sisi tutajenga ardhi yetu.

Chini ya shamba letu kuna tabaka zito la udongo wa mfinyanzi. Babu Emil hulitaja karibu kila mlo, kama wengine wanavyosali. Leo pia, mkono mmoja kwenye keki za mbegu za popi za Nyanya: "Wenzetu huko kusini wananunua maji ya madumu. Sisi tunafungua bomba. Kwa nini? Udongo. Mbolea inabaki juu, maji yanabaki chini. Ni mfuniko wa sufuria ule."

Kwa hiyo tangi litakuwa hivi: magharibi nyumba yetu na kisima chetu kipya, katikati shamba la mahindi, mashariki ile nyumba ya zamani aliyozaliwa Babu, halafu kijito. Nyumba ya zamani siku hizi wanapanga kina Rocío. Nilipochora ubaoni alitazama kwa muda akasema, "Basi na mimi nimo ndani ya tangi."

"Na mimi niko wapi?" Wes akauliza.

"Uko nje, unaosha mchanga."

Machi 5

Wes hakuosha mchanga.

Machi 6

Aliapa kwamba mchanga wa shimo la mjomba wake ni safi, eti umeoshwa na mto miaka elfu. Tulipomwaga maji tangi zima likawa kahawa yenye maziwa. Sumu yetu nyekundu isingeonekana hata kwa miwani ya Mwalimu. Tukatoka nje na ndoo, upepo unakata masikio, tukaosha na kumwaga, kuosha na kumwaga, mpaka vidole vikafa ganzi. Wes aliimba muda wote, na ilibidi nicheke ingawa nilikuwa nimekusudia kununa.

Rocío ndiye aliyesema mrija mtupu utaziba kwa mchanga. Leo akaja na soksi ya nailoni ya mama yake, akaikata vipande, akafunga kimoja mwisho wa kila mrija kwa uzi. Hakuomba ruhusa. Nilitaka kumwambia mimi ndiye nahodha, lakini maji yalipanda bila punje moja ya mchanga, nikanyamaza.

Machi 12

Leo imekubali.

Udongo tumeukandamiza kwa vidole mpaka ukashikana na kioo pande zote. Nilimwaga rangi shambani, Wes akanyesha mvua, tukainama wote watatu pua zikigusa kioo. Wekundu ukashuka kwenye mchanga, ukafika kwenye udongo, ukasimama. Rocío akabonyeza pampu ya chupa ya sabuni kwenye mrija mrefu, ule unaopenya udongo mpaka kwenye kokoto, nao ndio kisima cha nyumba yao. Maji yakatoka safi. Akabonyeza tena, safi.

Baba alikuwa amekuja kunichukua. Alisimama mlangoni na viatu vya matope, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani.

"Ndiyo ardhi yetu hiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

Akaja akabonyeza pampu kwa lile dole gumba lake, akatazama maji kwenye kikombe, akakaribia kuyanywa. "Usinywe, mzee," Wes akamwambia, "nimetia mkono humo." Baba akacheka mpaka ndani ya gari. Mama anasema jioni hii Baba alirudi ghala la ushirika, na hakuna mkulima aliyefika kaunta bila kusimuliwa naye habari za tangi letu. Baba si mtu wa kusimulia. Nimelala juu ya kitanda na viatu, nina furaha mno.

Machi 19

Jioni ya kupima maji. Kila mwaka shule hualika watu walete maji ya visima vyao, na wanafunzi ndio wapimaji. Walileta kwenye chupa za achari, za jamu, na bibi yake Wes kwenye chupa ya wiski, akisema ameinywa yote kwa ajili ya sayansi. Tunachotafuta ni nitreti, ile inayotoka kwenye mbolea na samadi. Kikomo ni kumi. Maji yetu yalisoma mbili, nami nikaitangaza hiyo mbili kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Babu aliinua kofia kwa watu kama mgombea.

Halafu nikapima chupa ya Rocío. Mashine ikasoma ishirini na tatu.

Nikaosha kila kitu, nikapima upya. Ishirini na tatu. Mwalimu Haugen akapima mwenyewe, ikawa ileile.

Mama yake Rocío alikuwa amesimama mbele ya meza na mtoto wao mchanga, Eliseo, ndani ya blanketi. Rocío akamweleza kwa Kihispania, polepole. Mama akajibu, na Rocío akatugeukia. "Anasema msiogope, yeye huyachemsha. Maziwa yote ya mtoto anayachanganya na maji yaliyochemka vizuri sana."

Mwalimu akavuta kiti akaketi karibu naye. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi hii. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki, na kila ukizidi kuchemsha inazidi kuwa kali. Akasema kwa mtoto mdogo inaweza kuizuia damu isibebe hewa, mtoto akageuka rangi ya samawati. Rocío alitafsiri yote bila kuruka neno. Mama yake akafunua blanketi, akamsogeza Eliseo chini ya taa, akamtazama midomo. Wote tulimtazama midomo. Ilikuwa myekundu, mizuri, naye akapiga mwayo.

Na mimi, nahodha, nikasema nini? Nikasema mbele ya watu, "Haiwezekani. Pale chini pana udongo wetu. Labda ni choo chenu kinavuja."

Rocío alinitazama. Akachukua chupa yake akaondoka.

Machi 20

Rocío hakuja mazoezini. Wes hakuniita Bosi siku nzima.

Machi 21

Mama ni nesi na hana muda wa kubembeleza mtu. Amepeleka madumu ya maji nyumba ya zamani, amempeleka Eliseo zahanati, damu yake ni nzima. Aliporudi alivua koti akaniambia, "Choo chao kiko upande wa kijito. Kisima kiko juu yake. Maji hayapandi mlima, Adela. Wewe ndiye mtaalamu, ungeuliza kwanza."

Sikupata usingizi wa maana.

Machi 26

Rocío amerudi. Sijui kwa nini, mimi nisingerudi. Nilimwambia samahani kwenye ngazi, akasema, "Sijarudi kwa ajili yako. Nataka kujua yanaingiaje." Hiyo ni sentensi kamili, tena mbili.

Wiki iliyopita niliamuru mrija mmoja uhamishwe kwa sababu ulisimama upande na mimi siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Leo tukamwonyesha Mwalimu modeli nzima. Rangi, mvua, tukasubiri. Rocío akabonyeza pampu ya kisima cha nyumba yao na maji yakatoka ya waridi.

"Wes!" nikasema.

"Sijagusa kitu mimi. Kila kikiharibika Wes."

"Nyamazeni," Rocío akasema, na tukanyamaza, maana hakuwahi kutuambia hivyo. Alikuwa amechuchumaa ameshika tochi ya simu. "Tazameni hapa."

Pale nilipoamuru mrija ung'olewe, tundu lilikuwa limebaki kwenye udongo. Uzi mwekundu mwembamba ulikuwa unateremka moja kwa moja kupitia tunduni hadi kwenye kokoto, na kule chini ukawa unatambaa mashariki, upande wa nyumba ya Rocío. Udongo wote uliobaki ulikuwa mzima, haukuvuja hata chembe. Tundu moja lilitosha.

Mwalimu Haugen aliuliza kama tunajua kisima chochote cha zamani karibu na pale. Rocío akasema hajui, wao ni wageni. Wes akasema hajui. Mimi nilisema sijui, na nilipokuwa nasema hivyo niliamini.

Machi 28

Jua la kwanza la maana. Baba ametoa mashine ya kunyunyizia mbolea, ameipeleka kona ya mashariki, chini ya kinu cha upepo.

Nimekiona kinu hicho maisha yangu yote. Mapanga yake mawili tu ndiyo yaliyobaki, na upepo ukivuma hulia kama mbuzi. Chini yake kuna sakafu ya zege iliyokuwa ya kunyweshea ng'ombe, na Baba aliunganisha bomba hapo kutoka kisima kipya. Kila shamba huku lina sakafu kama hiyo na kila mkulima huoshea tangi la mashine yake hapo, maana magurudumu hayazami matopeni. Babu aliosha hapo. Baba anaosha hapo. Na mimi nimecheza hapo na mpira wa maji kila masika, nikipiga kelele kwa baridi.

Leo nilikuwa nimemshikia Baba bomba. Maji ya mwisho ya tangi, ya manjano, yalimwagika kwenye zege, yakazunguka kidogo, halafu yote yakaelekea upande mmoja, chini ya bati lililo katikati ya miguu ya kinu. Yaliingia hapo yakapotea. Wala hayakutuama. Nikajiuliza kwa nini hayatuami, na jibu likaja kabla sijamaliza swali.

Kinu cha upepo huku ni cha kuvuta maji, hakijengwi juu ya kitu kingine. Kinajengwa juu ya kisima.

"Baba," nikasema, "chini ya bati hilo kuna nini?"

"Kisima cha zamani. Babu yako alishakijaza kabla sijaanza shule. Shika bomba vizuri, unanilowesha."

Nilishika bomba. Mashariki, juu ya mti wao wa msonobari, niliona moshi wa nyumba ya kina Rocío.

Machi 29

Sijamwambia mtu. Najua nitamwambia. Lakini leo ni Jumapili, Nyanya ametengeneza bata na kabichi, shangazi wamekuja, na Babu amesimulia tena habari za mfuniko wa sufuria. Nimekula kama ninayetafuna karatasi.

Machi 30

Nimesema. Mezani, asubuhi, kabla Baba hajamaliza kahawa, maana ningengoja jioni ningejipa sababu ya kungoja tena. Nilieleza tundu, uzi mwekundu, maji yasiyotuama.

Baba aliweka kikombe chini. "Kilijazwa."

"Nilikijaza mimi," Babu akasema. "Unataka kunifundisha shamba langu, mjukuu wangu?"

"Basi twende tukatazame."

Uso wa Baba ulikuwa mwekundu. "Yaani unasema sisi ndio tunamnywesha sumu mtoto wa watu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema twende tukatazame."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Tuliinua bati. Chini yake kulikuwa na mbao nzito za reli zilizooza kingo, na Baba alipoutoa mmoja, hewa ya baridi ikapanda usoni. Alifunga nati kubwa kwenye kamba ya kufungia majani, akaiteremsha. Kamba ikaenda. Ikaenda tena. Nilikuwa naomba ikwame mahali, ikwame kwenye mawe aliyokijazia Babu, nami nionekane mjinga. Ilipolegea Baba akaivuta, na nati ikatoka imelowa, ina harufu ya ghala la mbolea.

Halafu Babu akavua kofia. "Tuliweka mbao kwa muda tu," akasema. "Tulisema tutakijaza baada ya mavuno."

"Mavuno gani, Baba?" Baba akamuuliza.

"Ya mwaka uliozaliwa wewe."

Baba aliikunja ile kamba taratibu mpaka mwisho. Akaingia garini bila kutuita. Nilidhani ameenda kutuliza hasira ghalani. Mama ndiye aliyeona kwamba gari limeelekea mashariki.

Machi 31

Rocío amenisimulia. Baba aligonga mlango, akasimama barazani kofia mkononi, akamwambia baba yake Rocío, anayefanya kazi kiwanda cha nyama na alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, kwamba kisima kilichoharibika ni chetu, kwamba maji yao ya kunywa atayaleta yeye mpaka mambo yatengemae, na kwamba anaomba radhi. Walimkaribisha kahawa. Akakaa. Eliseo alimshika kidole gumba hakutaka kukiachia.

"Baba yako hasemi sana," Rocío akaniambia.

"Wewe je?"

Akacheka. Ni mara ya kwanza nacheka pamoja naye, badala ya kucheka tu karibu naye.

Aprili 4

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Orodha ya wachimba visima ni ndefu, hawatafika kuziba chetu mpaka Juni. Baba amekifunika kwa bamba la zege na turubai kwa sasa, na mashine anaoshea mjini.

Aprili 9

Baba amesema kisima kitazibwa, maji yatapelekwa, lolote linalotakiwa litafanyika, lakini kinu kisiwemo kwenye modeli. "Ya nyumbani yabaki nyumbani. Watu wa wilaya nzima watakuwa pale. Babu yako ana miaka themanini, unataka anyooshewe vidole ghalani?"

Nikasema sawa. Nilimhurumia. Na nakiri, nilijihurumia na mimi, jina ni langu pia.

Aprili 10

Nilipowaambia wenzangu tutarudi kwenye modeli ya kwanza, ile ya udongo mzima, Wes aliacha kutafuna. Rocío aliweka mkasi mezani.

"Ile modeli inasema udongo unatulinda," akasema. "Watu wataitazama, watapiga makofi, watarudi nyumbani kuosha matangi yao juu ya visima. Mama yangu alikuwa anachemsha, Adela. Kila siku alikuwa anayafanya makali zaidi kwa mapenzi. Ukiweka modeli ya uongo, mimi simo ndani ya tangi."

Wes akasema, "Bosi, ana haki."

"Najua ana haki. Usiniite Bosi."

Aprili 12

Nilimfuata Baba zizini. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, nikaisahau yote. Nikasema tu, "Wewe ulienda ukawaambia uso kwa uso. Mimi unataka niseme uongo mbele ya majaji."

Aliendelea kulisha ndama, akalisha mmoja, akalisha wa pili. "Wekeni kinu," akasema mwishowe. "Jina msiweke."

Ni haki. Nimekubali.

Aprili 18

Wes ametengeneza kinu kwa vijiti vya aiskrimu. Kina mapanga mawili tu, kama chenyewe. Ukikipuliza kinalia, sijui amefanyaje. Nimemwambia ni kazi nzuri, akaomba niiandike mahali. Nimeiandika.

Aprili 27

Baba anapanda mahindi. Sisi tunajenga na kubomoa, kujenga na kubomoa. Rocío sasa ndiye anayeeleza sehemu ya visima, maana akieleza yeye watu wanaacha kupiga miayo. Mimi nilitaka kueleza yote. Nimempa.

Mei 3

Mazoezi. Mchanga safi. Kila kitu safi isipokuwa kinachotakiwa kuwa kichafu.

Mei 9

Nimerudi, nimeoga, mikono bado ina rangi, na nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Baba na Mama walikaa safu ya tatu, Babu kati yao amevaa tai ya harusini. Mama yake Rocío nyuma yao na Eliseo. Kabla ya kuanza, msimamizi alisoma kanuni kwa sauti: mzazi au mwalimu yeyote atakayefungua kinywa timu inapojibu, timu hiyo inakatwa pointi. Mwalimu Haugen alijifunika mdomo kwa mkono hapohapo ili asijisahau.

Tulijenga vizuri kuliko siku zote. Mchanga wa Wes ulimeremeta. Nilikandamiza udongo, nikatoboa tundu moja kwa makusudi, Wes akasimamisha kinu juu yake. Rocío alianza kueleza na ukumbi ukatulia. Alieleza udongo unavyokinga, watu wakaitikia kwa vichwa kwa fahari, wengi wao ni wa udongo uleule. Halafu akaosha tangi dogo la rangi nyekundu chini ya kinu, kama wanavyofanya wao wote. Uzi mwekundu ukateremka. Mtu mmoja upande wa kulia akasema "Ah" kwa sauti ya chini. Rocío akabonyeza pampu ya kisima cha nyumba ya mashariki, akainua kikombe cha maji ya waridi, akasema, "Haya ndiyo mama alikuwa anachanganyia maziwa ya mtoto. Kuyachemsha hakusaidii."

Kisha maswali. Jaji wa kike mwenye miwani ya kamba aliuliza mambo ya kokoto, nikajibu. Aliuliza kisima kama hicho kinazibwaje, Wes akajibu, tena bila mzaha: kwa udongo mkavu unaovimba ukipata maji, kuanzia chini kabisa hadi juu. Halafu jaji akaweka kalamu. "Modeli nzuri. Lakini niambieni kweli, hali hii ipo? Kuna mtu leo anayeosha tangi la mbolea juu ya kisima kilicho wazi?"

Alikuwa ananitazama mimi. Rocío naye alinitazama, na Rocío angeweza kusema, ilikuwa haki yake, lakini aliniachia. Nilikuwa nimemwahidi Baba. Nikasema, "Ndiyo, wapo. Watu wengine... kuna watu..."

"Watu gani? Umekutana nao, au umesoma?"

Nikatazama kinu cha vijiti. Na hapo nikasikia kiti kikisukumwa.

Baba alikuwa amesimama. Kofia mkononi, masikio mekundu.

"Mimi," akasema.

Akaketi.

Msimamizi aliandika adhabu yetu kwenye karatasi yake, nilimwona. Nyuma kabisa mkulima mmoja, simjui, akasimama naye. Hakusema neno, alisimama tu na mikono mifukoni. Kisha mwingine karibu na dirisha. Babu Emil alijaribu kusimama, goti likamkatalia, Mama akamwinua.

Tulikuwa wa tatu. Wa kwanza na wa pili ndio wanaokwenda mashindano ya jimbo. Wes alipiga hesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono: bila adhabu tungekuwa wa kwanza. Alinionyesha, akaitafuna hiyo karatasi, kweli aliitafuna.

Kwenye maegesho Baba hakuweza kunitazama. "Nimewaharibia."

Rocío ndiye aliyejibu. "Hapana, Bwana Vondra. Mama ananiambia nikuulize, neno ulilosema uliposimama kwa Kiingereza linatamkwaje, anataka kulijua." Baba akamgeukia mama yake Rocío akalirudia, safari hii taratibu, akijigusa kifua. Naye akalirudia. Wote wawili walikuwa wanalia kidogo na hakuna aliyejifanya haoni.

Nimewahi kujivunia mambo mengi. Alama zangu, udongo wetu, ile mbili niliyoitangaza mpaka jikoni. Ni kama nilikuwa sijui neno kujivunia lina maana gani.

Mei 11

Simu ya nyumbani haijanyamaza. Wakulima wanampigia Baba kumuuliza unajuaje kama cha kwako kimejazwa kweli. Anawaambia wachukue nati na kamba.

Juni 4

Wachimba visima wamefika. Walimimina ule udongo mkavu ndani ya kisima, gunia baada ya gunia, mpaka ukafika juu. Babu alikaa kwenye kiti cha kukunja tangu mwanzo hadi mwisho, hakukubali kwenda kula. Gunia la mwisho aliomba amimine mwenyewe. Tulimshika, mimi mkono mmoja, Rocío mwingine.

Maji ya kina Rocío tumeyapima tena: kumi na tisa. Mwalimu anasema itachukua miaka, chini kule maji hayana haraka. Madumu yanaendelea kwenda. Eliseo ameota jino.

Juni 20

Leo nimepita ghala la ushirika kununua chumvi ya ng'ombe, nikakuta kaunta imezungukwa na watu. Modeli yetu ilikuwa juu ya kaunta. Baba aliiomba kwa Mwalimu Haugen bila kuniambia.

Alikuwa anaionyesha mwenyewe. Amenyesha mvua kwa kopo la Wes, amebonyeza pampu kwa dole gumba lake, amesema tabaka, amesema nitreti, na hakukosea hata mara moja. Nilisimama nyuma ya magunia ya mbegu nikamsikiliza. Mzee mmoja akamuuliza, "Lyle, na hicho kijumba cha vijiti ni nini?"

"Kinu cha upepo," Baba akasema, akakigeuza ili upande wa pili uonekane. Alikuwa ameandika jina kwa kalamu nene, kwa herufi zake zilizolala: VONDRA. "Ni changu. Njooni karibu, muone maji yanavyopita."